Ni Nani Aliyefanya? Swali Linaloangusha Kesi za Unajisi

(Hii ni hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa vijiji, walimu na viongozi wa boda boda. Tunaichapisha kwa kuwa wengi waliohudhuria waliomba nakala.)

Mwenyekiti wa kikao, chifu wetu, wazee, kina mama, walimu, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi vijana wa boda boda mliokubali kuzima injini kwa saa moja: hamjambo?

Mimi si wakili na si polisi. Nilisomea uandishi wa habari, na kaunti iliniajiri nieleze mambo ya serikali kwa lugha ambayo mtu anaweza kurudi nayo nyumbani akamweleza mwenzake. Mada ya leo niliiomba mwenyewe. Kila kesi ya unajisi inapoanguka mahakamani, ofisi yetu hupokea simu, na swali huwa ni lile lile: "Nani amekula hongo?" Mtu anasema daktari alithibitisha kuwa mtoto ameumizwa, cheti cha kuzaliwa kilitolewa, mama alilia mbele ya hakimu, na bado mshtakiwa ametoka kizimbani, akapanda pikipiki akarudi kijijini.

Sitawaambia kwamba hongo haipo Kenya hii, mtanicheka. Lakini ukizisoma hukumu zenyewe, na hukumu nyingi za rufaa ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law kwa yeyote mwenye simu, utakuta mara kwa mara sababu nyingine kabisa. Mahakama imekubali kwamba mtoto alidhulumiwa. Haikuridhika tu kwamba aliyemdhulumu ni huyu aliyesimama kizimbani.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze kuhusu kuthibitisha nani. Ushahidi wa jambo hilo mara nyingi hupatikana au hupotea kabla hata polisi hawajafika. Hupotelea mikononi mwetu sisi tulioketi hapa.

Nianze na sheria, kwa ufupi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, kifungu cha 8, ndiyo inayozungumzia unajisi. Upande wa mashtaka una mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba mlalamishi ni mtoto, yaani hajafika miaka 18; kwamba aliingiliwa, hata kama ni kwa kiasi kidogo; na kwamba aliyemwingilia ni huyu mshtakiwa. Kwa mtu mzima aliyebakwa, suala la umri linatoka na la ridhaa linaingia, lakini hilo la mwisho haliondoki. Umri una cheti cha kuzaliwa, una kadi ya kliniki, una mzazi. Kuingiliwa kuna maneno ya mtoto mwenyewe na uchunguzi wa daktari. Hilo la tatu halina cheti.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Utasikia mtu akisema, "P3 imemshika." P3 haimshiki mtu. Fomu ya P3, pamoja na ile ya PRC inayojazwa hospitalini, huzungumza juu ya mwili: majeraha yaliyoonekana, sampuli zilizochukuliwa, hali ya mgonjwa. Daktari hakuwepo kichakani. Akiandika kwamba mgonjwa anadai alishambuliwa na jirani, anaandika alichoambiwa, hakukiona. Kwa hiyo unaweza kuwa na P3 iliyojazwa vizuri kabisa, na kesi isiwe na mtu ndani yake.

Na hakimu hawezi kusema tu, "Huyu anafanana na mtu wa tabia hiyo." Kifungu cha 50 cha Katiba kinamwambia amhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vingine, na kipimo chenyewe ni kikubwa: pasiwe na shaka yoyote ya maana. Wazee wengine huniambia Katiba hii inawalinda wahalifu. Mimi naiona vingine. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, sheria inasema kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Na Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba viwango hivyo vya chini ndivyo sheria, mahakama haziwezi kuvipunguza kwa huruma. Sasa fikirini tumemfunga asiye mwenyewe. Kijana wa watu anaozea jela maisha, halafu yule aliyefanya yuko hapa hapa kijijini, anawaona watoto wakipita kwenda shule, na anajua kesi imeshafungwa. Hakuna anayemtafuta tena. Hilo ndilo linalonitisha kuliko hata kesi iliyoanguka.

Chukueni mfano. Nimeutunga, kwa hiyo msianze kutafuta ni nyumba ya nani.

Msichana wa miaka 13 ametumwa dukani saa moja na nusu usiku. Karibu na mashine ya kusaga, mtu anamkamata, anamziba mdomo, anamvuta nyuma ya ukuta. Baadaye anarudi nyumbani analia. Mama anapiga kelele, majirani wanajaa uani. Miezi kadhaa inapita, na sasa mtoto yuko mahakamani, na wakili wa mshtakiwa anasimama.

Anauliza: Kulikuwa na mwanga? Mtoto anasema, ndiyo, mwezi. Mwezi ulikuwa mpevu au mchanga? Pale nyuma ya ukuta mwezi ulifika? Mtoto anasema mtu yule alikuwa na tochi ya simu. Alikuwa ameishika nani? Yeye. Alikuwa anammulika nani? Mimi. Hapo wakili anaketi akitabasamu, kwa sababu ninyi nyote mmewahi kumulikwa tochi usoni, na mnajua kwamba mwenye tochi ndiye anayekuona wewe, na wewe huoni chochote ila duara jeupe.

Si uonevu. Mahakama yenyewe ndiyo iliyosema maswali hayo yaulizwe. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ilitoa hukumu ambayo mpaka leo mahakimu wetu huirejelea: shahidi akiwa mmoja, na tukio likiwa la usiku, lazima ichunguzwe mwanga ulikuwa wa aina gani, wenye nguvu kiasi gani, na ulikuwa upande gani ukilinganisha na mshukiwa. Taa ya koroboi iliyo mezani nyuma ya mtu inakuonyesha kivuli chake. Ile ile ikiwa mbele yake inakuonyesha kovu la shavuni.

Hukumu hiyo ina sehemu ya pili, na ndiyo ninayotaka mwende nayo. Mahakama ilisema pia iulizwe kama mlalamishi alimtaja au kumweleza mshambuliaji kwa wale waliokuja kumsaidia, na kwa polisi. Wale waliokuja kumsaidia ni nani? Ni ninyi. Ni mama, ni jirani, ni mwalimu aliyemwona amekaa peke yake chini ya mwembe, ni mhudumu wa afya aliyepita nyumbani kwa habari ya chandarua. Mtoto akikutajia jina dakika kumi baada ya tukio, wewe umekuwa shahidi, utake usitake. Na jina lililotajwa usiku ule ule lina uzito ambao jina lililotajwa wiki tatu baadaye, baada ya vikao vya ukoo, haliwezi kuwa nao.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja dogo. Mtoto akisema, andika. Daftari la shule linatosha. Andika saa, andika maneno yake kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema. Kama alisema kwa Kigiriama, kwa Kipokomo au kwa Kisomali, usimtafsirie wala kumnyooshea. Akisema "mwenye gari la maji," andika "mwenye gari la maji," hata kama wewe unadhani unamjua ni nani.

Na msimwekee mtoto jina mdomoni. Hili nitalikazia, kwa sababu tunalifanya kwa nia njema. Mtoto analia, na mtu mzima mwenye hasira anauliza: "Ni fulani, sivyo? Yule anayewaita watoto peremende?" Mtoto aliyeogopa atatikisa kichwa. Kuanzia hapo hakuna anayejua tena kama jina lile lilitoka kwake au kwako. Miezi kadhaa baadaye wakili atamuuliza, "Nani alikuwa wa kwanza kulitaja jina hilo nyumbani kwenu?" na mtoto mkweli atajibu, "Shangazi." Muulizeni tu: "Niambie kilichotokea." Kisha nyamazeni. Kunyamaza ni kazi ngumu kwetu, najua. Akisimama, mwambie, "Halafu?" Na msimrudishie maswali yale yale usiku kucha, kila jirani anayeingia naye aanze upya. Mtu mmoja amsikilize, aandike, basi.

Sasa, mara nyingi mtendaji si mgeni. Ni mtu wa karibu: jirani, mwalimu, baba wa kambo, binamu, mwenye duka. Hapo sheria hutofautisha kumtambua mtu uliyekuwa ukimjua na kumtambua usiyewahi kumwona. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufaa ilisema kumtambua unayemjua kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni, kwa sababu unategemea ujuzi wako wa mtu mwenyewe. Hilo linasaidia watoto wengi. Lakini mahakama hizo hizo huonya kwamba hata ndugu na rafiki watu huwakosea. Nani hapa hajawahi kumpigia mtu kelele sokoni, akageuka, kumbe si yeye?

Kwa hiyo "namjua" haitoshi. Unamjuaje? Tangu lini? Anakaa wapi, hufanya kazi gani, mara ya mwisho ulimwona lini kabla ya siku ile? Mtoto akieleza kwamba mtu yule humletea maji nyumbani kila Jumamosi na ana kidole kilichokatika, huyo ni shahidi mwenye miguu miwili. Hata sauti hukubaliwa, na Mahakama ya Rufaa ilieleza masharti yake mwaka 1985: iwe kweli ni sauti ya mshtakiwa, shahidi awe anaifahamu sauti hiyo, na mazingira yawe yanaruhusu kuisikia bila kukosea. Mtu akiwa gizani lakini amesema maneno, mtoto aulizwe alisema nini, na sauti ile aliwahi kuisikia wapi.

Kisha kuna tatizo la majina, na hili ni letu kabisa. Watoto wetu hawajui majina ya vitambulisho. Wanajua Baba Salim. Wanajua Mwalimu, Kapteni, Msafi, Mrefu wa Stendi. Wanajua "anko." Katika mtaa mmoja kuna maanko wangapi? Katika stendi moja ya boda boda naweza kuhesabu Kapteni watatu, na nawaona wawili wameketi pale nyuma. Hati ya mashtaka inaandikwa jina la kitambulisho, ambalo mtoto hajawahi kulisikia maishani mwake. Akiulizwa mahakamani, "Unamjua huyu?" atajibu kwa jina la mtaani. Lazima awepo mtu wa kuunganisha majina hayo mawili: mzee wa kijiji, mwenye nyumba, mwenyekiti wa stendi. Viongozi wa boda boda, yale madaftari yenu ya wanachama yenye jina kamili, nambari ya pikipiki na jina la stendi yana thamani kuliko mnavyodhani. Yawekeni vizuri.

Vipi kama mtendaji ni mgeni kweli, mtu mtoto hajawahi kumwona? Hapo ndipo panahitajika gwaride la utambuzi. Nalieleza kidogo kwa sababu tunaliharibu sana bila kujua. Kwanza, shahidi awe amewaeleza polisi mtu mwenyewe alivyo kabla ya kuonyeshwa yeyote: urefu, rangi, nguo, ndevu, namna anavyotembea. Kisha mshukiwa anasimamishwa pamoja na watu wengine angalau wanane, wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura kadiri inavyowezekana. Anachagua mwenyewe mahali pa kusimama. Anaweza kuwa na wakili au rafiki. Afisa anayechunguza kesi haendeshi gwaride hilo. Mashahidi hawaruhusiwi kuzungumza, na muhimu kuliko yote, shahidi asiwe amemwona mshukiwa kabla ya kuingia pale.

Sasa sisi hufanyaje? Vijana wanamkamata mtu, wanamfunga kamba, wanampitisha kijijini akiwa ametapakaa damu. Mtoto anatolewa nje. "Ni huyu?" Watu mia wamesimama, wana mawe mikononi. Mtoto atasema nini? Baadaye polisi wanapanga gwaride safi kabisa la watu tisa, na mtoto anamgusa bila kusita yule aliyeonyeshwa kijijini. Wakili atauliza swali moja tu: "Ulimwona wapi kwa mara ya mwisho kabla ya gwaride?" Kwisha. Na kumtambua mtu kwa mara ya kwanza akiwa tayari kizimbani nako kunahesabiwa kuwa na uzito mdogo sana, kwa sababu aliyekaa kizimbani anajulikana kwa kukaa kwake kizimbani.

Na siku hizi hatuhitaji hata kamba. Tuna simu. Kama afisa wa habari, hapa ndipo kazi yangu inaponiuma. Picha ya mshukiwa inasambaa katika kundi la WhatsApp la wadi kabla polisi hawajaandika hata mstari mmoja. Dada wa mtoto anaipata, anamwonyesha. Kuanzia siku hiyo sura iliyo kichwani mwa mtoto yaweza kuwa ya usiku ule, yaweza kuwa ya kwenye simu. Hata yeye hawezi kuzitenganisha. Kama mna picha ya mtu mnayemshuku, mpelekeeni afisa anayechunguza, peke yake. Na jina au picha ya mtoto, nyumba yao, shule yake, hata sare yake, visionekane popote. Ukurasa wa kaunti hautachapisha, na mkiona umechapishwa mahali pengine, tuambieni.

Nije kwa DNA, kwa kuwa najua kuna mtu anasubiri. Filamu zimetufundisha kwamba DNA ndiyo mwisho wa maneno. Kifungu cha 36 cha sheria hii kinampa hakimu uwezo wa kuagiza sampuli ichukuliwe kwa mshtakiwa, lakini si lazima kila kesi iwe nayo. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba unajisi hauthibitishwi kwa kipimo cha DNA bali kwa ushahidi. Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba bila DNA hakuna kesi, kisha akawaita kando mzungumzie mbuzi watatu. Na mahali msichana amepata mimba, kipimo kikionyesha mshtakiwa si baba wa mtoto, hilo peke yake halisemi kwamba hakumwingilia. Ubaba ni swali moja, unajisi ni lingine. Linaweza kuitikisa kesi, ndiyo, hasa kama msichana alisema hakuna mwingine. Lakini hakimu bado atapima ushahidi wote.

Ila pale inapopatikana, DNA hujibu swali la nani kuliko shahidi yeyote. Na ndiyo inayopotea haraka kuliko vyote, kwa maji na sabuni. Mama akimwona mwanawe vile, kitu cha kwanza mikono yake inataka kufanya ni kumwogesha. Simlaumu mama yeyote. Nawaomba wahudumu wa afya, mkifika kabla hajaoga, msihi asubiri mpaka hospitali. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki, zinatoa unyevu na kuoza. Ziwekwe kwenye bahasha ya khaki au zifungwe kwa gazeti, kila nguo mbali. Tena anayezipokea ajulikane: mama alimpa nani, huyo alimpa afisa gani, zilifika lini kwa Mkemia wa Serikali. Nguo iliyolala siku mbili juu ya kabati la mtu asiyejulikana, wakili ataiuliza ilikuwa wapi.

Hospitali mnaweza kwenda kwanza, hata kabla ya polisi. Hospitali zetu za umma zinapaswa kumtibu aliyedhulumiwa bila malipo. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na ya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mapema zaidi ni bora. Mtu akiwaambia mlete pesa ya P3 kabla mtoto hajatazamwa, ulizeni jina lake kwa upole, kisha mlilete ofisini kwetu.

Najua mnaloliwaza: kama mambo ni magumu hivi, mtoto aliyekuwa peke yake na mtendaji, bila shahidi, bila DNA, ana tumaini gani? Analo. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinasema katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mlalamishi peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli, na hakimu aandike sababu za kuridhika kwake. Watu wamefungwa hivyo, na rufaa zao zikakataliwa. Kwa nini hakimu aliridhika? Someni hizo sababu. Mtoto alitaja jina siku ile ile. Alimweleza mama, akaeleza polisi, akaeleza mahakama, na hadithi haikubadilika miguu. Alijua kitu kilichomo ndani ya chumba cha mshtakiwa ambacho asingekijua kama hakuingia. Mambo madogo madogo.

Hata mtoto mdogo sana au mwenye ulemavu wa akili hajaachwa. Katiba na sheria ya 2006 zinaruhusu mtu wa kati, kama mzazi, mshauri au afisa wa ustawi wa jamii, amsaidie kueleza. Na mazingira nayo huzungumza: nani alionekana akimshika mkono kuelekea shambani, nani alikutwa naye, nani alihama usiku ule. Aliyeona hayo aje aseme. "Sitaki kuingilia mambo ya watu" ndiyo sentensi inayofungua milango mingi ya jela kwa waliomo na wasiopaswa kuwemo.

Kidogo kuhusu upande wa mshtakiwa, kwa sababu naye ni mkazi wa kaunti hii. Utetezi wa kawaida ni mmoja kati ya miwili. Wa kwanza: "Sikuwepo, nilikuwa mahali fulani." Sheria haimdai yeye athibitishe alikokuwa, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuonyesha kwamba alikuwa pale. Kama wewe ulikuwa naye kweli siku ile, mkasafiri, mkavua samaki, ukweli huo nao ni wajibu wako kuusema, na useme mapema. Wa pili: "Wananisingizia kwa sababu ya shamba." Wakati mwingine ni uongo. Wakati mwingine, wazee, tuambiane, si uongo. Familia mbili zinagombania mpaka wa minazi, na ghafla kuna shtaka. Hakimu hawezi kupuuza. Kwa hiyo pale ambapo kuna ugomvi wa zamani na mtoto ameumizwa kweli, msiuchanganye ugomvi na kesi. Msiende kituoni na orodha ya malalamiko ya miaka kumi. Mpelekeni mtoto, aseme yake, chukueni nambari ya OB, basi.

Na mkishafika mahakamani, tafadhali endeleeni kufika. Afisa anayechunguza asipokuja, ulizeni tarehe nyingine kwa mwendesha mashtaka. Shahidi aliyeunganisha jina la mtaani na la kitambulisho akihamia Mombasa, nambari yake ya simu iwe kwa mtu. Kesi inayoanza na mashahidi saba ikafika mwisho na wawili haijaibiwa na mtu; imevuja.

Nambari mziandike. 116 ni ya bure kwa watoto, mchana na usiku. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, nayo ni ya bure. Kituoni ulizeni dawati la jinsia. Kina mama wanaotaka msaada wa wakili lakini hawana uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeweka utaratibu wake. Tuonane baada ya kikao niwaelekeze.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Maswali yangu ni ya kawaida nitayajibu, ya sheria yenyewe tumemwomba mwendesha mashtaka, ameketi hapa mbele. Mama mwenye leso ya kijani aliinua mkono kabla hata sijamaliza. Karibu, mama.